Divai Nyeupe Kutoka Juu ya Mlali

Tangu nirudi siwezi kupita sokoni bila mtu kunishika mkono na kuniuliza, "Klementi, ni kweli divai ililipuka ndani ya gari moshi?" Kila anayeuliza amekwisha kusikia habari kwa mwingine, na kila habari imetiwa chumvi kuliko ile ya kwanza. Juzi muuza dagaa aliniambia kwa uso mkavu kwamba behewa zima liliungua. Basi naandika mara moja tu, mnaojua kusoma muwasomee wenzenu, nami ninunue vitunguu vyangu kwa amani. Habari za ruhusa na tiketi naziacha, maana hazina utamu.

Dar es Salaam, kabla ya kuondoka

Mimi ni mpishi wa nyumba ya mapadri. Aliyenifundisha kushika kisu ni Padri Anselmi, mzee mwenye ndevu nyeupe na kifua kibovu, ambaye wakubwa wake walikuwa wameamua arudi kwao Ulaya kwa meli iliyokuwa ikitazamiwa. Alinipokea nikiwa mdogo, akanilea. Sina baba mwingine ninayemkumbuka.

Mnaomjua mnajua pia kwamba hawezi kusema uongo hata kwa adabu. Mchuzi ukizidi chumvi atakuambia umezidi chumvi, hata mbele ya wageni. Niliwahi kumwomba amwambie mgeni mmoja kwamba nyama imekwisha, na nyama ilikuwepo. Akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akamwambia mgeni: "Nyama ipo, lakini mpishi anaionea choyo."

Asubuhi moja alikuja jikoni, akakaa juu ya sanduku la unga.

"Klementi, kuna jambo moja linanisumbua," alisema. "Sipendi kuondoka bila kulijua."

Akanieleza. Alipokuwa kijana, kabla ya reli, alipanda milima ya Uluguru akiwa na vijiti vya mizabibu kutoka kijiji chao. Ili visikauke baharini, kila kijiti alikichomeka ndani ya kiazi, na viazi akavipanga sandukuni. Bahari haikuvidhuru, wala joto. Vilidhuriwa na njaa. Juu ya Mlali chakula cha wapagazi kilipungua, na jioni moja yeye akiwa kwenye sala zake walifungua sanduku. Kwa kuwa kila kiazi kilikuwa na mpini wake tayari, wakavigeuza motoni kama mishikaki.

"Walinibakizia viwili," Padri alisema. "Kwa heshima. Vilikuwa vimeiva vizuri."

Vilivyosalimika ni vijiti vitatu tu, vilivyokuwa kwenye mzigo wa mpagazi mmoja mwenye homa aliyebaki nyuma. Hivyo ndivyo vilivyozaa mizabibu yote ya misheni ya mlimani. Lakini Padri alihamishiwa pwani kabla haijazaa, na miaka yote iliyofuata habari zilizoshuka zilikuwa zilezile, kwamba divai imekuwa siki. Mwaka huu ndio kwanza ilisemwa kwamba Bruda Gotfridi, mtunza shamba, amepata divai nyeupe ya kunyweka.

"Nataka kujua kama ni divai kweli," alisema, "au kama nilipandisha kuni tu mlimani."

Nilimwambia nitaifuata mwenyewe, na chakula cha kuagana nitakipika kiendane nayo. Nilisema kwa majivuno kidogo. Moyoni nilikuwa na hofu, kwa sababu divai ikiwa mbaya, yule mzee atasema ni mbaya, kisha atapanda meli akiwa na neno hilo.

Ngerengere

Gari moshi lilikwenda vizuri hadi Ngerengere, likasimama. Wengine walisema maji ya mashine, wengine walisema daraja. Mdachi mmoja wa reli alishuka, akatazama chini ya gurudumu kwa hasira, akapanda tena. Nilikuwa nimebeba nazi kumi na kitu za zawadi, kwa kuwa mlimani hakuna minazi, na abiria wenzangu walikwisha kuzitazama kwa macho ninayoyafahamu.

Kando ya reli alikuwapo Mzee Ramadhani, mfanyabiashara wa asali na kambale wa kukausha kwa moshi. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza gari litaondoka lini.

"Marahaba. Hawa wakikuambia linaondoka sasa hivi, wewe injika wali," alijibu.

Nami kweli niliinjika, kwenye mafiga ya mkewe. Tulikula wali kwa kambale wa moshi, na nazi mbili nikazikuna palepale. Aliponiuliza ninakwenda wapi nikamweleza ukweli. Alitikisa kichwa.

"Safari yote hiyo kufuata kitu cha kulevya?"

"Si yangu, mzee. Ni ya baba aliyenilea. Anaondoka, wala hatarudi."

Akatafuna kwanza. "Basi hiyo ni safari ya mzee wako, na hilo nalielewa. Hicho kinywaji usinitajie tena." Nilinunua kwake kambale wanne wanene, kisha gari likapiga filimbi na wote tukakimbia na sufuria mikononi.

Morogoro hadi misheni

Stesheni ya Morogoro nilipokewa na Mkude, mkulima wa mlimani aliyetumwa na Bruda. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye miguu ya kazi. Tulilala mjini, tukala machungwa ya Kinole matamu mno, na kulipokucha tukashika njia ya Mlali, halafu ya juu.

Kwa Mkude kila kitu ni karibu. Nilimuuliza asubuhi kama bado mbali, akasema, "Tumekaribia." Nilimuuliza tena jua likiwa utosini, akasema, "Sasa tumekaribia hasa." Nilipokaa chini na kukataa kuinuka, alinichomea magimbi, akanitazama nikila, akasema kwa huruma kwamba watu wa pwani tumezoea ardhi iliyolala.

Mbele yetu alikuwa akipanda mama mmoja na mtungi wa pombe kichwani. Kila alipofika nyumba ya mtu alisimama, akautua, akamimina kidogo kwenye kata, wenye nyumba wakaonja, naye akaendelea. Nilimuuliza Mkude kama anauza.

"Hapana, anapeleka kwa mjomba wake. Lakini chombo cha pombe hakipiti mlangoni pa mtu kimefungwa. Ukipita kimya watu watajiuliza umeweka nini ndani."

Niliiona desturi nzuri sana, kwa kuwa mtungi haukuwa wangu.

Mlimani kwa Bruda

Bruda Gotfridi ana mikono mipana kama sinia, na maneno machache. Alinipeleka shambani nikiwa bado natweta. Mizabibu ilipangwa kwenye matuta ya mawe, ukungu ukipita katikati. Alinieleza kwamba ukungu huo unaozesha nusu ya zabibu, ndege wanakula robo, na nyani wanachagua zilizo nzuri katika zilizobaki. Miaka mingine alikata tamaa, akamwagia kachumbari siki yake. Mwaka huu jua lilikaa wiki chache za mwisho, naye akawahi kuvuna kabla ya nyani.

Divai aliihifadhi kwenye shimo lililochimbwa mwambani, ndani ya madumu ya kioo yaliyosukiwa vikapu. Alinimiminia. Ilikuwa safi hata nikaona vidole vyangu upande wa pili wa bilauri, rangi yake kama maji ya mchaichai. Nilinywa, nikakunja uso. Ilikuwa kali.

"Unakula nayo nini?" nilimuuliza.

"Kabichi. Maharage," alisema.

Nilionja nayo kabichi yake, iliyokuwa imechachishwa. Ukali juu ya ukali. Mimi mgeni sikuthubutu kulaumu, nikaomba jiko. Nilikuna nazi, nikaweka kambale wa Ngerengere katika tui zito na vitunguu na limau kidogo, nikapika na ndizi mbichi. Tukakaa Bruda, Mkude na mimi. Nilikula tonge la samaki mwenye mafuta, nikafuatisha divai, na ndugu zangu, sijui niwaambieje. Ule ukali uliondoa mafuta yote ya tui ulimini, ukaacha utamu wa samaki peke yake, halafu nyuma yake ikaja harufu ya embe lililoanza kuiva. Nilitamani tonge jingine papo hapo. Bruda alipangusa sahani yake kwa ndizi, akaisogeza mbele ijazwe tena.

Nilijaribu na kuku wa kuchoma: vizuri. Na kisamvu cha karanga: vizuri sana. Na nyama ya mbuzi: hapana, mbuzi aliimeza yote. Usiku huo nililala nikiwa nimekwisha kupanga chakula cha kuagana. Ilikuwa divai kweli, na nilifurahi kana kwamba nimeipanda mimi.

Asubuhi Bruda alinipa dumu moja lililojaa, na kifurushi cha vijiti vya mizabibu alivyopogoa, vimefungwa katika gome bichi la mgomba. "Mzee aone miti yake," alisema, akageuka haraka kwenda shambani.

Mlali

Mkude ndiye aliyebeba dumu, na nyumba ya kwanza tulipofika alilitua.

"Mkude, hiyo ni ya Padri," nilisema.

"Ndiyo, na hawa wanamfahamu Padri."

Ningefanyaje? Wazee walikuwa wamekwisha kutoka na kata. Waliionja, wakatazamana, wakatushukuru kwa upole wa watu wanaotuhurumia. Nyumba ya pili vilevile, na ya tatu. Nilijaribu njia ya kuzunguka nyuma ya migomba, tukatokea kwenye ua wa mtu, na hapo ikabidi tuwaonjeshe mara mbili kwa sababu ya kuwashtua. Kufika Mlali dumu lilikuwa limepungua hadi nusu, na mimi nilikuwa nimenuna kama mtoto.

Mvua ikatukuta hapo. Mto ulijaa, hakuna aliyevuka, tukalala kwa mama mkubwa wa Mkude, dada mkubwa wa mama yake, mtengeneza pombe anayeheshimika kijiji kizima. Alitupikia ugali na maharage machanga, akaweka kuni nyingi ili nguo zangu zikauke, wala hakukubali nishike hata mwiko. Naye alionja divai, kwa kuwa mlango wake ndio uliofunguka kwetu. Aliishikilia mdomoni kwa muda, akaweka sikio karibu na mdomo wa dumu, akasikiliza.

"Hii imetengenezwa lini?" aliuliza.

"Miezi mingi iliyopita, mama," nilimwambia, nikijivuna kwa niaba ya Bruda.

Alinitazama kwa masikitiko, akanipa pole. Nilidhani ni pole ya safari.

Siku ya pili nilishinda kando ya mto nikipima maji kwa fimbo na kuwaza meli. Ilikuwa inaondoka Jumapili. Maji yaliposhuka nilirudi mbio kumwita Mkude, nikakuta dumu limejazwa hadi shingoni na kizibo kimekazwa. Nilidhani nimeona vibaya jana yake, au nilipenda kudhani hivyo, maana nilikuwa na haraka. Nikamshukuru mama, naye akaniambia, "Mfikishie mzee salama. Sasa ni kitu cha kumpa mtu mzima."

Gari la kurudi

Mkude alinipandisha behewani Morogoro, akaliweka dumu magotini pangu. Gari likaanza kutambaa. Hapo ndipo, akitembea sambamba na dirisha bila haraka, aliponiambia:

"Kaka Klementi, mwambie Padri ni mama mkubwa aliyeitia kimea cha mtama na maji ya miwa. Asije akadhani Bruda ndiye aliyeifufua."

"Ameifanyaje?"

"Ilikuwa imekufa. Haichemki, haina povu. Mama hawezi kumwacha mgeni aende na pombe iliyokufa, tena nusu chombo." Akapunga mkono. Uso wake ulijaa wema mtupu.

Hapo nikaelewa. Kwa watu wale pombe ni ya kunywewa inapochemka, na ikinyamaza hutupwa. Mama yule hakuwa na hili wala lile, alinitendea ukarimu mkubwa kuliko wote katika safari ile, na divai ya Padri Anselmi ilikuwa imekwisha. Nililitazama dumu. Ndani yake kulikuwa na ukungu mweupe, na chembe za kimea zikipanda na kushuka. Niliona machozi yananijia, nikawageuzia watu mgongo nitazame nje.

Jua lilizidi kupanda, behewa likawa tanuri. Tulipofika Ngerengere gari likasimama kama desturi yake, na Mzee Ramadhani akaja dirishani na kambale wake, amevaa kanzu nyeupe pee kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Alifungua mdomo aniamkue, na kizibo kikaruka. Ndicho mlichosikia. Hakuna kilichoungua. Povu lilimpata Mzee Ramadhani kuanzia kofia hadi kifuani.

Mzee alijipangusa macho polepole.

"Nilikuambia usinitajie," alisema. "Sikujua nikuambie pia usinimwagie."

Nilishuka nikamwomba radhi hadi sauti ikakatika, nikamweleza yote, mama mkubwa na kimea na meli na mzee. Alinisikiliza huku mkewe akimvua kanzu na kuiloweka kwenye beseni, naye akibaki na shuka.

"Asali mbichi ikichachuka hufanya hivyohivyo," alisema mwishowe. "Usikaze kizibo. Funika kwa kitambaa, iache ipumue, utafika nayo." Kisha akachagua kambale mnene kuliko wote, akamfunga kwenye jani. "Huyu ni wa mzee wako. Yeye hajanikosea." Gari lilikuwa na subira kwa mara ya kwanza, na kanzu ikawahi kuanikwa kabla hatujaondoka.

Nyumbani

Nilifika Jumamosi jioni, dumu mapajani, shuka langu likinuka kama kilabuni. Sikungoja. Nilimkuta Padri Anselmi barazani, nikamwambia ukweli tangu nyumba ya kwanza hadi kimea, maana kwa mtu yule hakuna faida ya kuficha. Aliinamisha kichwa. Nilimwona amehuzunika, na kwa muda nilimchukia hata Mkude.

"Lete tuone," alisema.

Nilimimina. Ilikuwa na rangi ya maji ya mchele, ikichemka na kunong'ona ndani ya bilauri. Aliinusa. Akanywa kidogo, akatulia. Akanywa tena, akamaliza. Nilingoja hukumu.

"Kwetu," alisema, "wakati wa mavuno, zabibu zikishakamuliwa, hatungoji iwe divai. Tunainywa hivihivi, ina ukungu, bado inafanya kazi. Ni wiki chache tu za mwaka. Haisafiri, haiuzwi mbali. Sijaionja tangu nilipoondoka nyumbani kijana." Akaigeuza bilauri mkononi. "Hii si sawasawa nayo. Ina ladha ya mtama. Lakini ni ndugu yake."

Kwa kuwa ni yeye aliyesema, nilijua ni kweli. Nilimuuliza kwao hula nini nayo.

"Mkate wa vitunguu."

Nilikwenda jikoni mbio. Nilikaanga vitunguu vyote vilivyokuwapo, nikavimwaga na mayai juu ya unga wa ngano niliousukuma ukawa mwembamba, nikafunika kwa mkaa juu na chini. Kambale wa Mzee Ramadhani nilimchambua juu yake. Bila tui, kinywaji chenye utamu hakitaki tui, hilo nililiona kwa tone moja. Mapadri wengine walikula vipande viwili viwili. Padri Anselmi alikula vinne, akanywa, mashavu yakamwiva, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Na ile yenyewe, Klementi? Kabla ya kimea?"

Sina maneno ya divai. Nilimwambia kwa ninavyovijua: kwamba ilikuwa safi hata niliona vidole vyangu, kwamba ukiinywa peke yake inakukunja uso, kwamba ukila kambale wa tui halafu ukainywa, mafuta yote yanaondoka na samaki anabaki, na baada yake inakuja harufu ya embe linaloanza kuiva. Kwamba Bruda alipangusa sahani. Aliyafumba macho nilipokuwa nikisema, akawa anatafuna taratibu bila kitu mdomoni.

"Basi ni divai," alisema.

Kesho yake, baada ya misa, nilimfungia mzigo. Vijiti vya Bruda vilikuwa vimeanza kukauka ncha. Nilikwenda kwenye gunia la viazi vilivyoshuka Uluguru, nikachagua vigumu, nikachomeka kila kijiti katika kiazi chake, nikavipanga kwenye sanduku dogo. Alipoliona aliweka kiganja chake kichwani pangu kama alivyozoea nilipokuwa mdogo, na hapo nililia waziwazi.

Gatini wachukuzi walikuwa wamekaa tangu alfajiri bila kula. Mmoja wao, kijana mwenye mabega mapana, aliinua lile sanduku, akalipima uzito, akalinusa pembeni.

"Baba, humu mna nini?"

Padri Anselmi alinitazama. Akalitazama sanduku, kisha akamtazama yule kijana machoni.

"Sumu ya panya," alisema.

Kijana akalishika kwa ncha za vidole hadi juu ya meli. Maisha yangu yote pamoja naye, huo ndio uongo wa kwanza niliousikia kinywani mwake, na aliusema bila kupepesa.